Shemeji, Njoo Utukalie

Kabula mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Usagara kumuaga bibi yako. Ninavyomjua, hatakuachia kabla hujala ukashiba na kufungiwa michembe, vile viazi vikavu, ya njiani, kwa hiyo mchana huu ni wangu. Nimetandika gazeti juu ya meza ya jikoni karatasi isipate mafuta, nimeazima kalamu ya mdogo wako, nimeanza. Shule yangu unajua iliishia wapi. Nitaandika kama ninavyoongea, na pale nitakapoweka r mahali pa l, wewe soma tu kama unavyonisikia kila siku.

Ningeweza kukutumia sauti kwenye simu. Lakini sauti utaifungulia mbele ya wenzako, utawaambia subirini nimsikie mama, na haya si ya kusikilizwa na wenzako. Kukuambia ana kwa ana nako nimeshindwa. Tangu Jumapili najaribu. Nikifika mlangoni kwako nakuuliza habari ya soksi.

Basi soksi tuziache. Blanketi limo kwenye begi, dagaa nimewakaanga wako kwenye ndoo nyeupe, na wewe ni mtu mzima, kufunga mlango unajua. Nataka tuongee ya Jumapili.

Tulikuwa tumetoka kanisani, tunakula. Ukaanza kutusimulia ile yadi uliyofanyia mazoezi baada ya chuo. Ukasema siku moja lilikuja kreti la vyuma zito kuliko uwezo wa foko yenu, ile mashine ya kunyanyulia mizigo. Ukanyoosha mikono yako miwili mbele kama yale meno ya foko, ukatuonyesha nyuma ya mashine ilivyokuwa inanyanyuka.

"Ndipo msimamizi akaita wanene," ukasema. "Kuna mama mmoja mfagiaji, akamwambia, Mama, njoo utukalie! Mama akaja huku anacheka, akapanda na wenzake huko mkiani, wakakaa. Mashine ikatulia tuli. Nikabeba, nikaweka. Wakanipigia makofi, wakaniita jembe!"

Mdogo wako alicheka mpaka akapaliwa. Mimi nilinyanyuka na sahani ambayo bado ilikuwa na chakula, nikaenda nayo nje, nikasimama nayo tu. Baba yako alinawa, akaingia chumbani. Na tangu siku ile ukimwamkia shikamoo anakujibu marahaba, halafu basi, haongezi neno. Wewe ukaja kuniambia jikoni, "Mama, baba ananionea wivu. Kwa kuwa yeye aliachishwa kazi ya foko, hataki na mimi niende kuiendesha mgodini Geita."

Hilo neno limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Sitakugombeza kwa hilo. Hujui, na hujui kwa sababu sisi tulinyamaza. Hapa nyumbani uliambiwa foko ya baba yako ilikata breki. Mtaani uliambiwa baba yako aliua mtu. Breki zilikuwa nzima, Kabula. Na mtu alikufa kweli, lakini aliyemuua ukimtafuta hutampata, maana tulikuwa wengi na wote tulikuwa tunacheka.

Yadi yenyewe ilikuwa ya mbao, mabati na nondo, pamoja na mashine za watu zilizokuwa zinapita kwenda visiwani na ng'ambo ya Busisi. Leo ukipita huoni hata jina lake, ukuta umepakwa rangi ya mwingine. Baba yako ndiye alikuwa dereva wa foko. Mimi niliwapikia wafanyakazi kwenye kibanda kilichokuwa ndani ya geti, upande wa kushoto. Wewe ulikuwa darasa la pili. Ukitoka shule unakuja unajilaza juu ya gunia langu la unga mpaka jioni.

Huyu baba unayemwona kainamia baiskeli za watu hapo mbele, hukumjua alivyokuwa. Asubuhi kabla ya kuwasha ile mashine aliizunguka kwanza, anaigusa matairi, anainama kutazama kama imevuja mafuta, taratibu kabisa, kama bibi yako anavyomzunguka ng'ombe anayekaribia kuzaa. Wenzake walimcheka. Pembeni ya kiti palikuwa na kibati kinachosema mashine inabeba uzito gani, nacho kilipakwa rangi ya njano pamoja na mashine nzima siku bosi alipotaka ipendeze. Baba yako alikaa mapumziko yake ya chakula anakikwangua kwa msumari mpaka maandishi yakaonekana.

Jioni tukila ananifundisha mambo ya mashine, mimi ambaye sijawahi kuendesha hata baiskeli. Alikuwa anasema foko hugeukia nyuma, kwa magurudumu ya nyuma. Ukibeba mzigo unaozidi, nyuma inakuwa nyepesi, na usukani ukiwa mwepesi ghafla mkononi, kama unageuza sufuria tupu, ujue magurudumu hayagusi ardhi tena. "Hapo mashine imekuambia hapana," anasema. "Dereva kazi yake ni kusikia." Mimi naitikia eeh, eeh, huku nawaza mchicha wa kesho.

Msimamizi wa yadi alikuwa anaitwa Bahati. Huyu na baba yako walikuwa marafiki toka ujana wao, kwa hiyo mimi nilikuwa shemeji yake. Unajua kwetu shemeji alivyo. Anaweza kukuambia lolote mbele ya watu, na wewe ukinuna, wewe ndiye mbaya, wewe ndiye huna utu. Sasa ikitokea mzigo mzito, foko inanyanyuka nyuma, Bahati anageuka kwenye kibanda changu anaita kwa sauti ya mnada:

"Shemeji, njoo utukalie!"

Na mimi najibu hukohuko, "Nikija huko ugali unaungua!"

"Uungue tu, shemeji!"

"Ukoko utakula wewe!"

Nafuta mikono kwenye kitenge, naenda. Wananishika mkono kunipandisha, nakaa juu ya kile chuma cha nyuma, na wapagazi wawili watatu wanakaa pembeni yangu. Mashine inashuka, inatulia. Mzigo unapanda kwenye lori. Nashuka, wananishangilia, narudi kwenye sufuria yangu.

Nakuambia ukweli, nilipenda. Mwili wangu huu nimetaniwa nao tangu usichana, sokoni, kanisani, kwenye sherehe za watu kiti kikivunjika wananitazama mimi hata kama sikukikalia. Pale yadi mwili wangu ulikuwa na kazi. Wanaume wazima walisimama wananisubiri. Hakuna siku niliona nimefanya jambo la hatari. Niliona nimesaidia.

Baba yako hakupenda. Siku moja nyumbani aliniambia, "Mama Kabula, ule mkia una chuma chake cha kusawazisha mzigo. Kama chuma hakitoshi, basi mzigo si wake. Usiende tena kukaa."

Nikamwambia, "Sasa mbona huwaambii wao?"

"Nawaambia."

"Unawaambia kwa kunong'ona. Sema kwa nguvu, wewe ndiye dereva."

Akanitazama, akasema, "Ukishakaa wewe, mimi nitasema nini?"

Nilidhani ni kauli ya mtu aliyechoka. Nikamwongezea mchuzi.

Siku yenyewe kreti lilikuwa na mashine ya kuranda mbao, ya mtu wa ng'ambo. Lori lilikuwa limeshawashwa, dereva wake anapiga honi, maana wakati ule daraja halikuwepo na ukichelewa foleni ya kivuko pale Kigongo unaweza kulala na mzigo wako kando ya ziwa. Baba yako aliingiza meno chini ya kreti, akainua kidogo tu, kiasi cha kupitisha kiganja, akashusha. Akainua tena, wote waone, akashusha. Mimi nasonga ugali nasikia kila kitu.

"Mmeona nyuma?" akasema. "Hailibebi hii. Leteni winchi."

"Winchi itoke wapi sasa hivi, Masanja?" Bahati akasema. "Watu wanawahi kivuko!"

"Basi fungueni kreti, tupakie vipande vipande."

"Nifungue mali ya mtu?"

Baba yako alikaa pale kitini, injini inaunguruma. Alikuwepo Ta Sospeter, mtunza stoo. Wenzetu Wahaya wanamwita hivyo mtu mzima wanayemheshimu, na sisi wote yadini tulimwita hivyo hivyo. Wewe alikuwa anakuletea senene kwenye karatasi, unamkumbuka? Asubuhi ile alikuwa amepita kwangu kuniuliza, "Mama Kabula, ndizi leo zipo?" nikamwambia zipo, Ta, nimekuwekea. Sasa Ta Sospeter akasema, "Bahati, Masanja ameshasema. Lilale, liende kesho."

Nakuapia, mwanangu, pale ilikuwa imekwisha. Baba yako alikuwa ameshakataa, mzigo uko chini, mzee mmoja wa heshima amemuunga mkono. Dereva wa lori alikuwa ameshaanza kuzima.

Ndipo Bahati akageuka kwangu, anacheka kwa meno yote. "Shemeji! Njoo utukalie, mumeo leo anadeka!"

Yadi nzima ikacheka. Na mimi nikaacha mwiko ndani ya sufuria, nikaenda.

Nilipita mbele ya foko. Baba yako alinitazama. Ni macho yake yale ninayoyaona mpaka leo nikiwa nachambua mchele, nikiwa nasali. Mimi wakati ule niliona mume wangu ananitazama, nikaona haya kama msichana. Nikapanda, nikakaa, wapagazi wawili wakakaa huku na huku. Nikapiga chuma kwa kiganja kama kondakta, nikamwambia, "Dereva, twende! Abiria tumeshapanda!"

Watu walikufa kwa kicheko. Hivyo ndivyo tunavyosema, na mimi tangu siku ile sijaweza kulisema tena neno hilo.

Akainua. Ikabeba kweli, maana nilikuwa mzito. Akaenda taratibu mno, hatua za mtoto. Ta Sospeter, kwa kuwa alishashindwa neno lake, alitangulia mbele na kuweka mkono kwenye kreti ili lisigonge ubavu wa lori. Alikuwa mtu wa hivyo, akishindwa anasaidia. Pale kati palikuwa na mfereji mdogo wa kupitishia maji ya mvua, umefunikwa kwa mbao. Gurudumu la mbele likakanyaga ubao, ubao ukakatika, mashine ikainama. Mkia ukapanda juu na sisi.

Unajua nilifanya nini? Nilicheka. Nilidhani utani unaendelea. Na Bahati naye alidhani hivyo, nikamsikia anapiga kelele, "Shemeji anapaa!" Wapagazi wao walikuwa wepesi, waliruka kama panzi. Waliporuka wao, nilibaki peke yangu, na peke yangu sikutosha. Hicho kicheko kilikuwa bado kiko mdomoni mwangu wakati kreti linateleza kwenye meno.

Mimi nilitupwa nikaangukia nyonga. Hii miguu unayoiona inapishana nikipanda mlima wa kanisani, ndiyo hiyo siku. Kreti lilimlalia Ta Sospeter, hakuweza hata kuita. Wanaume walilisukuma kreti kwa mabega, lile lile lililokuwa linahitaji winchi, wakalisukuma kwa mikono. Kumbe walikuwa na nguvu.

Ugali uliungua. Harufu ile ilijaa yadi nzima na hakuna aliyekwenda kuepua. Na ndizi zake zilikuwa kwenye sufuria ndogo, zimefunikwa.

Polisi walimchukua baba yako, kwa kuwa yeye ndiye alikuwa kwenye usukani. Bahati akaulizwa, wewe ndiye uliamuru? Akasema, "Mimi sikumwamuru mtu. Tulikuwa tunataniana." Nilitaka nimrarue. Lakini nimekaa na hilo neno miaka yote hii, nimeligeuza kila upande, na uchungu wake ni kwamba ni kweli. Hakuna aliyeamriwa. Baba yako angeamriwa angekataa, alikuwa ameshakataa. Mimi ningeamriwa ningesema mimi mpishi, hiyo si kazi yangu. Tulitaniwa tu. Mtu akikuamuru unaweza kusimama ukamtazama usoni. Akikutania utasimamaje? Utaonekana unadeka.

Baba yako walimwachia baadaye, kesi ikafia huko huko. Lakini kazini waliandika uzembe wa dereva, na hakuna yadi nyingine hapa Mwanza iliyomtaka. Wiki ya msiba bosi alileta kofia ngumu mpya, nyekundu zile, wakazivaa wote wakapigwa picha getini, kisha zikarudishwa stoo zisichakae. Kwenye msiba watu walisema ni mapenzi ya Mungu. Niliwaitikia amina kama wengine, lakini moyoni nilisema Mungu hakupanda mkiani. Nilipanda mimi.

Kabla hawajamsafirisha Ta Sospeter kwao Kagera, nilikwenda kumpa pole mkewe, Mama Koku. Nilitembea nimejishikilia kwenye fimbo. Niliwakuta wanawake wamejaa chini, wakanipisha. Nikakaa karibu yake, nimejiandaa anipige, anitukane, anifukuze. Akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mama Kabula, kwani uliyekaa ni wewe?"

Nikasema, "Ni mimi."

"Wanasema mlikuwa mnacheka."

Nilitafuta uongo, Kabula. Nilitafuta kwa haraka kila mahali, sikuupata. Nikasema, "Ndiyo. Tulikuwa tunacheka."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeulizia njia akaelekezwa. Akasema, "Haya." Akajifunika kitenge chake usoni, na mimi nikakaa pale mpaka gari lilipokuja, kwa sababu kunyanyuka nilishindwa na hakuna aliyeninyanyua.

Bahati yupo, tunakutana naye hapa Mirongo sokoni. Hajawahi kuniita shemeji tena. Ananiita mama. "Mama, habari za asubuhi," halafu anageukia nyanya, anazibonyeza kama daktari. Ushemeji wetu uliishia pale mferejini.

Sasa ngoja nikuambie nilichokosea, maana si kile unachodhani. Miaka mingi nilidhani kosa langu ni kukaa. Nikajiambia ningekuwa mwembamba, ningekuwa mgonjwa siku ile, ningekuwa nimekwenda kusaga mahindi. Lakini wangepata mwingine wa kukaa, wanene hawakuisha Mwanza. Kosa langu ni lile alilolisema baba yako mwenyewe tukiwa tunakula: ukishakaa wewe, mimi nitasema nini? Mwanamume amesema hapana mbele ya watu, ameisema kwa shida maana si mtu wa maneno, na mimi mkewe nikatoka jikoni mbio mbio kuja kuikalia hapana yake. Nikaikalia kwa uzito wangu wote. Angesema nini tena? Mama Kabula shuka? Wangemcheka mpaka leo, na mimi ningekuwa wa kwanza.

Ndiyo maana Jumapili ile chakula kilinishinda. Sikukuona wewe peke yako pale mezani. Nilimwona yule mama mfagiaji wenu. Simjui jina, na wewe hukututajia jina lake. Ana watoto wake, ana chungu chake mahali, na alishuka pale anacheka, anadhani amesaidia. Na wewe mwanangu ukapigiwa makofi. Mashine ilikuambia, nyuma ikanyanyuka, ulisikia, mikono yako yenyewe ilituonyesha kwamba ulisikia. Halafu ikafika ile sauti ya kuita, na usikivu wako ukakalishwa chini. Mkono wako ni mzuri, ni mkono wa baba yako, nimeuona. Nami ninaogopa ubaya huo huo uliompata yeye, kwamba una heshima na hupendi kuonekana unadeka. Na wewe ni msichana. Kwako utani utakuwa mara mbili. Watakuambia kama unaogopa si ungekwenda kusuka nywele. Naisikia hiyo sauti kutoka hapa nilipo.

Umeniambia huko mgodini ni tofauti, kuna viatu vya chuma na miwani na karatasi za kusaini kila asubuhi, na anayevunja taratibu anarudishwa nyumbani. Nimefurahi. Nimemshukuru Mungu kwa kila karatasi. Lakini karatasi haisimami kwenye jua la saa nane pamoja nawe, gari linasubiri, watu wamechoka. Mtu mchangamfu ndiye anasimama. Atakuwa rafiki yako, yule aliyekupokea vizuri siku ya kwanza na kukuonyesha bafu liko wapi. Na siku hizi kivuko cha kuwahi hakipo, daraja linakaa pale usiku na mchana halimwachi mtu. Utaona watapata kingine cha kuwahi.

Hapo niliacha kuandika nikatoka nje. Nilimkuta baba yako ameigeuza baiskeli ya mtu miguu juu, anazungusha gurudumu, analitazama kama limepinda. Nikamwambia, "Baba Kabula, namwandikia mtoto. Nimwambie nini kutoka kwako?"

Alilizungusha tena. Nikadhani ndiyo basi, nikageuka. Akasema, "Huko anakokwenda, ufunguo wa mashine atakuwa nao yeye?"

"Si ndiye dereva?"

"Basi mwambie azime. Wakianza tu kuitana, azime. Ashuke, ufunguo autie mfukoni, akasimame mbali nayo. Asikae kitini akibishana." Gurudumu lilikuwa limesimama na yeye bado analitazama. "Mimi nilibaki kitini, injini inawaka. Mtu amekaa kitini, injini inawaka, huyo ameshakubali nusu. Iliyobaki wanamalizia wao."

Miaka yote hii, Kabula, sijawahi kumsikia akisema hata hilo. Nilisimama pale kama mgeni. Kisha akasema, "Na mwambie sina wivu."

Nikashtuka. "Nani kakuambia?"

"Hizi kuta zetu unazijua." Akachukua spana. "Mwambie alipotuonyesha kwa mikono pale mezani, aliinua vizuri. Hakuinua kwa pupa."

Nimeyaandika kama alivyoyasema, sikuongeza la kwangu. Ukirudi leo jioni umwamkie, na akijibu marahaba usiondoke. Kaa karibu yake hapo kwenye gogo, hata kama mtanyamaza wote wawili. Anaweza kukuuliza habari ya matairi.

Kesho nitakusindikiza mpaka stendi na nitakuwa nakusumbua habari ya soksi, kwa hiyo nakuambia sasa hivi kilichobaki. Ukishatulia huko nitakuja kukuona. Nitavuka lile daraja na ndoo yangu ya dagaa, nitafika kazini kwenu, nitakaa getini nikusubiri. Na kwa mwili wangu huu, kama siku hiyo kuna mzigo umewashinda, mchangamfu wenu ataniona. Ataita. Na mimi najijua, ng'wanawane, mwanangu, hata baada ya haya yote. Mtu akiniita kwa kicheko miguu hii hii mibovu itanyanyuka kabla sijafikiri, na mdomo utakuwa umeshamjibu. Utageuka uone mama yako amekaa mkiani, anapiga chuma kwa kiganja, watu wote wanacheka, anakuambia dereva twende.

Zima. Shuka. Ondoka na ufunguo, uniache nimekaa.

Mama yako